Nyangumi Ndani ya Benzi

Sisi tunaoandika hadithi tunapenda sana magari. Chukua mswada wowote wa kijana wa mjini, ukurasa wa kumi hujafika Benzi imekwisha kusimama mbele ya baa na mtu mwenye miwani myeusi anashuka. Anaingia, anatoka, anakanyaga mafuta, vumbi linatimka, sura imekwisha. Mswada wangu mwenyewe una Benzi mbili na Peugeot moja. Lakini hebu nikuulize, ndugu msomaji: umewahi kukaa ukafikiri kuna nini tumboni mwa hiyo Benzi? Nguvu inatokaje kwenye injini mpaka kwenye tairi, hasa kama gari lenyewe ni oto, halina klachi ya kukanyaga? Na ile oili nyekundu kama juisi ya rozela, inayomwagika kwenye sakafu ya gereji, ni kitu gani na imetoka wapi?

Historia tuliyosomeshwa ilikuwa ya vita na mikataba. Mkutano wa Berlin 1884, Majimaji 1905, Azimio la Arusha 1967. Hakuna mwalimu aliyetuambia kwamba hata oili ina historia. Mimi nimeikuta hii yangu gerejini kwa mjomba, ninakoshinda mchana tangu nilipomaliza kidato cha nne (usiku ndio naandika), na ninaiandika hapa kwa sababu ina kila kitu ambacho mwandishi anatafuta: wajanja, bahari, damu, sheria na pesa.

Tuanze na huo huo mwaka 1905. Wakati Wamatumbi wanainuka kule kusini dhidi ya Wajerumani na pamba yao, kule kwao Ujerumani kwenyewe, katika mji wa bandari wa Stettin, injinia mmoja wa viwanda vya meli anayeitwa Hermann Föttinger alikuwa anapata hataza ya jambo ambalo halikuwa na mlio wa bunduki hata mmoja. Alikuwa na tatizo la meli. Injini mpya za mvuke zilizunguka kwa kasi mno, na panga la meli linataka kuzunguka polepole. Utaziunganishaje bila meno ya gia kusagika? Föttinger akasema, tuweke kimiminika katikati.

Kama hujaelewa, fanya hivi. Chukua feni mbili za mezani, ziweke zitazamane. Moja iwashe, nyingine usiichomeke kwenye umeme. Utaona ile isiyo na umeme nayo inaanza kuzunguka, kwa sababu upepo wa mwenzake unaisukuma. Sasa weka oili mahali pa upepo, zifungie feni zote mbili ndani ya bakuli moja la chuma, basi umepata kile alichobuni Föttinger. Chuma hakigusani na chuma. Nguvu inapita ndani ya oili. Ukisimama kwenye taa, feni ya injini inaendelea kuzunguka, feni ya tairi imetulia, gari halizimi. Ndiyo maana dereva wa oto hana haja ya klachi.

Kutoka kwenye meli mpaka kwenye gari la oto kamili ilichukua miaka zaidi ya thelathini. Aliyeimaliza kazi ni kikundi cha mainjinia wa General Motors wa Marekani wakiongozwa na Earl Thompson. Huyu Thompson alikwisha kuwafanyia madereva hisani moja kubwa kabla ya hapo: ndiye aliyebuni ule utaratibu wa gia kuingia bila kukwaruza, ukatokea kwenye Cadillac za mwaka 1928. Kabla yake, dereva alikanyaga klachi mara mbili kwa kila gia na bado kelele zilisikika mtaa wa pili. Mwaka 1939 kikundi chake kikatangaza Hydra-Matic, giaboksi ya kwanza ya oto kamili kuuzwa kwa wingi, ikafungwa kwenye Oldsmobile za mwaka 1940 kwa nyongeza ya dola 57. Ilikuwa na gia nne za mbele na ilibadilisha yenyewe. Vita ilipokuja, ikaingia mpaka kwenye vifaru: kifaru chepesi cha M5 cha Wamarekani kilikuwa na injini mbili za Cadillac na Hydra-Matic mbili. Baada ya vita hata Rolls-Royce wa Uingereza, ambao huwa hawakubali kitu cha mtu, wakaanza kuitumia mwaka 1952.

Sasa hapa ndipo oili inapoingia, na naomba usiruke aya hii.

Oili ya injini kazi yake kubwa ni kuteleza. Oili ya giaboksi ya oto imepewa kazi zinazogombana. Kwanza ibebe nguvu, kama ule upepo wa feni. Pili ifanye kazi ya mikono: ndani ya giaboksi kuna vijia vyembamba na vali ndogo ndogo, na oili ikisukumwa na pampu ndiyo inayoamua gia gani iingie. Tatu ipoze. Nne ilainishe vyuma. Tano, na hii ndiyo ngumu kuliko zote, ikae katikati ya pleti za klachi zilizomo humo ndani na iziruhusu zikamatane. Yaani iteleze na isiteleze! Ikiteleza mno, pleti zinasagana, zinaungua, gari linanguruma lakini haliendi. Isipoteleza kabisa, gia inaingia kwa kishindo kama mtu kapiga teke mlango. Siri yote ya oili hii imo kwenye huo msuguano, kiasi gani na wakati gani.

Mwanzoni General Motors walikuwa na oili yao wenyewe kwa Hydra-Matic. Mwaka 1949 wakatoa kanuni ambayo kampuni yoyote ya mafuta ingeweza kuifuata, wakaiita Type A. Oili ilipelekwa kupimwa maabara ya Armour kule Chicago, na iliyofaulu ilipewa namba inayoanza na herufi AQ-ATF, ikagongwa kwenye kopo. Mwaka 1957 kanuni ikaboreshwa, ikaitwa Type A Suffix A. Kwa miaka mingi hiyo ndiyo ilikuwa lugha ya dunia nzima. Fungua kitabu cha gari la oto la miaka ya 1960, liwe la Marekani au la Mjerumani, uwezekano ni mkubwa utakuta maneno hayo.

Mimi niliyakuta kwenye kitabu cha Benzi ya mzee mmoja.

Gari lenyewe ni 250 ya mwaka 1970, umbo lile ambalo watu wa mambo hayo wanaliita W114, rangi ya maziwa, oto. Zamani gari la namna hiyo lilikuwa na maana yake hapa kwetu. Neno Wabenzi halikutungwa kwa bahati. Siku hizi mzee analikodisha kwa maharusi. Linafungwa maua, linamchukua bibi harusi, mzee anapata chochote, wajukuu watatu wanasoma. Hana biashara nyingine. Basi likaanza kuchelewa kushika. Anaweka D, anakanyaga, gari linafikiri kwanza, halafu ndiyo linaondoka. Mjomba akachomoa kijiti cha kupimia: oili imekuwa rangi ya chai ya rangi. Akanusa. Haikuwa na harufu ya kuungua, na hiyo ilikuwa salama yetu, maana oili ikinuka kuungua ujue pleti zimekwisha kwenda, na kubadilisha oili hakutasaidia kitu.

"Tubadilishe oili," mjomba akasema. "Lakini nataka kujua tunaweka ipi. Hii giaboksi ikifa, mzee, hatuna pa kuitoa." Na ni kweli. Tulikuwa tumezunguka Gerezani nzima kutafuta sili ya mbele tu ya giaboksi ya namna ile, hata mwenye kuifahamu hatukumpata.

Ndipo kila mtu akawa profesa. Fundi wa gereji jirani akasema oili ni oili, mradi nyekundu. Kijana wa dukani akaleta iliyoandikwa Dexron VI, akasema hii ndiyo mpya kabisa mjomba, ya kisasa, imeshinda zote. Mshikaji mmoja anayetengeneza magari ya mashindano akasema tuweke Type F, inakamata vizuri. Na mzee mwenyewe akaenda kwake, akarudi na kopo la bati lililoshika kutu ukingoni, bado limefungwa, limegongwa AQ-ATF na namba yake.

"Hii ndiyo oili yenyewe," akasema. "Marehemu kaka alinunua makopo sita gari likiwa jipya. Limebaki hili moja."

Mjomba akanitazama. "Wewe si ndiye msomi? Hebu tuambie."

Kwa hiyo nikasoma. Nilisoma kitabu cha gari, nikasoma migongo ya makopo, nikasoma kila nilichoweza kupata kuhusu oili za zamani. Na katika kusoma huko nikakutana na nyangumi.

Kumbe katika mengi ya makopo ya Type A, ile dawa ya kurekebisha msuguano, ile iliyofanya gia iingie laini bila kishindo, ilikuwa mafuta ya nyangumi. Si nyangumi yeyote. Ni yule mwenye kichwa kikubwa cha mraba kinachochukua karibu theluthi ya mwili wake, anayezama zaidi ya mita 1,000 kuwafuata ngisi. Mafuta yake hayafanani na mafuta ya ng'ombe wala ya nazi. Kikemia ni nta, ila ni nta iliyo majimaji. Inang'ang'ania kwenye chuma, inazuia kutu, joto haliiharibu upesi. Watengenezaji wa oili walichanganya kiasi kidogo tu kwenye mafuta ya petroli, na pleti zikatulia.

Ndugu msomaji wa pwani, mnyama huyu unamfahamu hata kama hujamwona. Ndiye anayetoa ambari, ile inayookotwa ufukweni na kuuzwa kwa watu wa manukato. Al-Masudi, msafiri Mwarabu aliyefika huku kwetu mwanzoni mwa karne ya 10, aliisifu ambari ya bahari ya Zanj. Babu zetu waliingojea iletwe na maji. Wamarekani hawakungoja. Katika karne ya 19 meli zao za kuwinda nyangumi zilizunguka Bahari ya Hindi mpaka karibu na Shelisheli, na zilitia nanga Unguja kuchukua maji na matunda. Kuna mmoja wa mabaharia wao, J. Ross Browne, kijana aliyekuwa na ndoto ya kuandika kama mimi na wewe, alichoshwa na mateso ya melini akashukia Unguja. Mwaka 1846 akatoa kitabu kuhusu safari yake ya uwindaji na kukaa kwake kisiwani. Mwaka uliofuata kitabu hicho kilihakikiwa gazetini na mtu anayeitwa Herman Melville. Miaka minne baadaye Melville akatoa Moby-Dick. Kwa hiyo kijana aliyekula maembe Forodhani (sina ushahidi kwamba alikula maembe, lakini alikaa Unguja, angekula nini?) aliwahi kupita mezani kwa mwandishi wa riwaya ya nyangumi kubwa kuliko zote.

Wakati ule mafuta ya nyangumi yalikuwa ya taa na mashine. Mwaka 1859 Marekani wakachimba kisima chao cha petroli kule Titusville, Pennsylvania, mafuta ya taa yakawa rahisi, na watu wakadhani nyangumi amepona. Hapo ndipo historia inapofanya kiburi chake. Petroli iliyomwokoa nyangumi ikazaa gari. Gari likazaa giaboksi ya oto. Giaboksi ikaomba mafuta ya nyangumi. Na safari hii wawindaji hawakuwa na mitumbwi na mikuki ya mkono. Walikuwa na meli za injini na mizinga yenye mikuki ya kulipuka. Mwaka 1964 peke yake waliuawa nyangumi wa aina hii takriban 29,000 duniani. Si wote walioishia kwenye giaboksi. Mafuta mengine yalikwenda kwenye ngozi, sabuni na mashine za viwandani. Lakini kila mara nikiona picha ya jirani zetu wa Durban wakiburuta nyangumi kwenye mteremko wa zege, nawaza foleni ya magari mapya yanayong'aa yakisubiri taa iwe ya kijani mahali fulani Amerika, na hakuna hata dereva mmoja anayejua.

Mwaka 1970 serikali ya Marekani ikamwingiza nyangumi huyu kwenye orodha ya wanyama walio hatarini kutoweka, na mwaka 1972 ikatoka sheria ya kulinda mamalia wa baharini. Mlango ukafungwa. Kituo cha Durban kilifungwa 1975, cha Albany kule Australia 1978. Na mwaka 1979, Shelisheli, visiwa ambavyo kwenye ramani ya ukutani vinafunikwa na kidole gumba, vilisimama mbele ya Tume ya Kimataifa ya Nyangumi vikapendekeza Bahari ya Hindi yote iwe hifadhi. Ikakubaliwa. Nchi ilikuwa huru miaka mitatu tu! Hili nalo hatukusomeshwa.

Turudi kwenye makopo, maana mzee anasubiri na Jumamosi kuna harusi.

Kabla hata ya marufuku, mainjinia walikwisha kuanza kuhangaika. Magari yalikuwa mazito zaidi, joto la giaboksi limepanda, Type A ilichoka mapema. Mwaka 1967 General Motors wakatoa kanuni mpya na jina la biashara: Dexron. Na mwaka huo huo Ford wakaenda njia yao, wakatoa ile inayoitwa Type F. Hapa ndipo ugomvi wa mafundi wote wa dunia ulipozaliwa, kwa hiyo nitaueleza vizuri.

Oili ya Dexron ina dawa ya kulainisha msuguano. Pleti zinapokaribia kukamatana kabisa, oili inazipunguzia ukali, zinashikana taratibu, abiria hasikii. Type F haina dawa hiyo. Pleti zikikaribiana, ukali unaongezeka, zinakamatana kwa nguvu, kap! Si kwamba moja ni nzuri na nyingine mbaya. Ford walipanga eneo la pleti zao na shinikizo la oili yao kwa msuguano mkali. General Motors na Mercedes walipanga zao kwa msuguano laini. Ukiweka Dexron kwenye giaboksi iliyozoea Type F, pleti zinateleza, zinapata joto, zinakwisha. Ukifanya kinyume chake gari linabadilisha gia kwa kishindo. Watu wa mashindano wanakipenda hicho kishindo, ndiyo maana mshikaji wetu alishauri vile, na kwa gari lake ana haki. Lakini bibi harusi hataki kishindo. Rover 3500 ya mwaka 1968 yenye giaboksi ya Borg-Warner, hiyo ndiyo ya kuipa Type F. Benzi hapana.

Fundi wa "mradi nyekundu" naye jibu lake ni fupi. Wekundu ni rangi tu ya kutiwa, ili ukikuta tone chini ya gari ujue linavuja giaboksi na si injini. Type F nyekundu, Dexron nyekundu. Na oili chafu iliyochujwa kwa kitambaa ikatiwa rangi na kuuzwa kwenye kidumu cha pembeni mwa barabara, nayo ni nyekundu.

Ikaja Dexron II mwanzoni mwa miaka ya 1970, isiyotegemea nyangumi. Toleo lake la kwanza lilikuwa na balaa: lilikula lehemu ya vipozeo vya oili vilivyomo ndani ya rejeta. Wakalirekebisha upesi. Wengine wakageukia jojoba, kichaka cha jangwani kule Arizona na Mexico, ambacho mbegu zake, amini usiamini, zina nta majimaji iliyo karibu sana na ile ya nyangumi. Wengine wakatengeneza dawa zao maabara. Dexron III ikaja mwanzoni mwa miaka ya 1990, na Dexron VI mwaka 2005.

Hii VI ndiyo aliyokuwa ameishika kijana wa dukani. Ni oili bora, sibishi. Lakini imetengenezwa nyepesi kuliko zilizotangulia, kwa ajili ya giaboksi mpya zenye nafasi finyu na kompyuta. Giaboksi ya 1970 ilipimwa kwa oili nzito zaidi. Pampu yake imelika miaka hamsini, sili zake zimekauka. Mpe oili nyepesi, shinikizo linashuka na mahali palipokuwa panatoa jasho panaanza kuvuja. General Motors wanasema kila Dexron mpya inachukua nafasi ya iliyotangulia, na kwa magari yao wenyewe labda. Mimi nilimwambia mjomba kwamba kwa hili tusifuate upya.

Kwa hiyo ikabaki ya tatu: oili ya madini ya kiwango cha Dexron III, mrithi halali wa Type A Suffix A, yenye msuguano laini na uzito unaokaribiana na ule wa zamani. Kuna kikwazo kimoja. General Motors waliacha kutoa leseni ya Dexron III mwishoni mwa 2006, kwa hiyo kopo la leo haliwezi kukuonyesha namba ya leseni iliyo hai. Linasema tu "inafaa panapotakiwa Dexron III", na wewe unabaki kuamini neno la aliyeichanganya. Hapo usomi wangu ulikwisha. Mjomba ndiye aliyejua ni duka gani la Gerezani haliuzi vidumu vilivyofunguliwa, na tukanunua huko, kwa bei iliyomfanya mzee avue kofia na kuivaa tena.

Lilibaki kopo lake la bati. Hili ndilo lililokuwa gumu, maana mzee alikuwa amelitunza kama urithi, na huwezi kumwambia mtu mzima kwamba urithi wake ni taka. Nikamwamkia upya, nikakaa naye kwenye benchi, nikamweleza. Kwamba kopo limekaa zaidi ya nusu karne kwenye joto la Dar. Kwamba kutu ya ukingoni inaweza kuwa imeshapitisha unyevu, na unyevu kidogo tu unavimbisha pleti za giaboksi. Kwamba dawa zilizochanganywa zinaweza kuwa zimekaa chini kama machicha. Halafu nikamweleza habari ya nyangumi.

Akanyamaza. Akaligeuza kopo. "Unataka kuniambia humu kuna samaki?"

"Si samaki, mzee. Na labda hayumo. Lakini kwenye mengi ya wakati ule alikuwemo."

"Kaka alikuwa baharia," akasema. Sikujua niongeze nini.

Kazi yenyewe haikuwa kubwa. Watu wengi wanafungua sampo tu, inatoka nusu ya oili, wanajaza mpya juu ya chafu. Benzi za enzi zile zina bonge la nati hata kwenye lile bakuli la feni mbili. Unazungusha injini kwa mkono pole pole mpaka nati inatokeza kwenye tundu, unaifungua, oili yote inatoka. Chini ya sampo tulikuta vumbi jeusi la pleti, kama kijiko kimoja cha chai. Mjomba alilisugua kati ya vidole akasema ni la umri, si la ugonjwa. Tukabadilisha chujio. Tukajaza kidogo kidogo, injini ikiunguruma, mkono wa gia kwenye P, gari limesimama sawa, tukapima tena baada ya kuzunguka mpaka Buguruni na kurudi ili oili ipate moto, kwa sababu oili hii ikipimwa baridi inadanganya. Ikizidi inatoa povu, ikipungua pampu inavuta hewa, na kote kuwili pleti zinaungua.

Mzee aliweka D. Gari likashika hapo hapo.

Peugeot ya mswada wangu nayo imenipa kazi baada ya hapo. Ni 404, mama wa magari ya huku, iliyoshinda Safari Rally mwaka 1963, 1966, 1967 na 1968, na mara mbili za katikati dereva wake alikuwa Bert Shankland wa hapa Tanganyika yetu. Nilikuwa nimeandika kwamba mhusika wangu anainunulia oili ya giaboksi. Kumbe giaboksi ya 404 inatumia oili ile ile ya injini! Na difu yake ya nyuma ina gurudumu la shaba, oili kali za kisasa zenye salfa zinaitafuna. Mhusika amebadilishiwa ununuzi.

Jumamosi ile Benzi ilimbeba bibi harusi kutoka Magomeni mpaka Kurasini, maua kwenye boneti, foleni yote ya Kilwa Road na jua la saa tisa. Mjomba hakuondoka gerejini siku hiyo. Alikaa na simu mkononi mpaka saa moja usiku, mzee alipopiga kuuliza kama tunaweza kumrudishia kopo lake.